Pikapu Iliyokuwa Ikizima Njiani

Pikapu yetu ya mwaka 1990 ilikuwa ikitetemeka kila isimamapo, kisha huzima. Na siku moja ilizima katikati ya njia panda, watoto wamo ndani. Fundi alitaka tununue pampu mpya ya petroli, na bei yake, ndugu msomaji, si ya mchezo. Sikuridhika: ikiwa pampu ni dhaifu, mbona mlima huupanda na mzigo bila ya taabu? Nikashuku hewa. Mguu uondokapo kwenye mafuta, mlango mkubwa wa hewa hufungika, na injini huvuta pumzi kwa vali ndogo iendeshwayo kwa umeme. Tuliuchomoa waya wa vali hiyo injini ikiunguruma. Mngurumo haukubadilika hata kidogo. Kumbe imekwama kwa masizi! Tuliifungua tukaisafisha, wala pampu hatukununua.