Uwanja wa Mbwa Huko Brooklyn

Atembeaye katika mitaa ya Nairobi, Nakuru au Kisumu hakosi kuona kibao kilichotundikwa langoni chenye maneno mawili: Mbwa Kali. Sarufi yake si sahihi, lakini maana yake yajulikana hata kwa mtu asiyepata kusoma. Kwetu mbwa ni mlinzi. Mchana hufungwa mnyororo, na usiku hufunguliwa ili aulinde mji wa bwana wake. Asiyekuwa mlinzi ni mbwa koko, ambaye hana bwana wala chakula, ila riziki ya jalalani. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiambiwa kwamba iko nchi ambako mbwa wametengewa mahali pa kuchezea, tena kwa sheria ya mji, hudhani anafanyiwa mzaha. Si mzaha. Nimepaona mahali hapo, na nataka kuwaeleza wasomaji jinsi palivyo na jinsi panavyotawaliwa, kwa kuwa katika utawala wake yamo mambo yanayotupasa kuyafikiri.

Brooklyn ni mojawapo ya sehemu tano za mji wa New York katika Marekani. Katikati ya nyumba zake nyingi iko bustani ya watu wote iitwayo Prospect Park, yenye eneo la ekari 526. Ilifunguliwa mwaka 1867, na walioichora ni Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, wale wale waliochora Central Park ya Manhattan. Ndani yake mna msitu, vilima, ziwa, na uwanda wa majani uitwao Long Meadow, yaani Mbuga Ndefu, ambao urefu wake wakaribia maili moja. Zamani kondoo walilishwa humo. Mkulima aionapo mara ya kwanza huanza kuhesabu moyoni ni ng'ombe wangapi wangepata malisho pale, kisha hushangaa kuona kwamba wanaoyafaidi majani yale asubuhi ni mbwa.

Sheria ya mji wa New York ni kwamba mbwa yeyote aliye mahali pa watu wote lazima afungwe kamba isiyozidi futi sita, na kamba hiyo ishikwe na mtu. Lakini katika bustani kadha wa kadha sheria hiyo hulegezwa kwa saa maalumu. Prospect Park hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa saba usiku. Tangu inapofunguliwa hata saa tatu asubuhi, na tena tangu saa tatu usiku hata inapofungwa, mbwa waweza kuachiliwa huru katika Mbuga Ndefu na katika uwanja mwingine au miwili iliyotajwa kwa jina. Saa hizo zikipita, kila mbwa hurudishwa kambani. Na viwanja vya michezo ya watoto ni marufuku kwao saa zote.

Nilifika pale mwezi wa Mei, kabla ya saa kumi na mbili, jua likianza kuchomoza. Umande ulikuwa mwingi. Mbwa walikuwa zaidi ya mia moja, wakubwa kama ndama na wadogo kama paka, weupe, weusi na wa madoa, nao wenyeji wao wamesimama makundi makundi wakizungumza huku wameshika vikombe vya kahawa. Nilitazamia kuona mapigano, maana kwetu mbwa wawili wasiojuana wakikutana njiani, meno hutangulia. Hapakuwa na mapigano. Mbwa mmoja humkabili mwenzake, akainamisha kifua na miguu ya mbele mpaka chini, akainua matako na kutikisa mkia. Hiyo ndiyo salamu yao ya kuomba mchezo. Mwenzake akikubali hukimbia, naye hufukuzwa. Kisha baada ya mbio chache hugeuka, aliyefukuzwa akawa mfukuzaji. Mwenye nguvu hujilaza chali ili mdogo naye apate zamu ya kushinda. Karibu na hapo liko bwawa ambamo mbwa wameruhusiwa kuogelea, nami nikawaona wakijitupa majini kufuata fimbo na mipira. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko; wale walikuwa na ufuko wao wenyewe.

Jambo jingine lililonishangaza ni usafi. Kila mwenye mbwa alikuwa na mifuko midogo, na mbwa wake akijisaidia, huinama papo hapo, akaokota na kutia katika pipa la taka. Mabwana wenye nguo za kazi nzuri waliinama vivyo hivyo bila aibu. Hawakuzaliwa na desturi hiyo. Sheria ya kuwalazimisha ilianza kutumika mjini New York mwaka 1978, na kabla yake njia za mji huo zilikuwa chafu sana. Leo desturi imekwisha kuota mizizi, hata mtu aachaye uchafu hukemewa na wapita njia kabla askari hajamwona.

Msomaji asidhani kwamba mambo hayo yalipatikana bila ugomvi. Ruhusa ya saa za asubuhi na usiku ilianza kama hisani tu ya wasimamizi wa bustani, ikadumu kwa muda wa miaka kama ishirini bila kuandikwa katika kanuni. Mwaka 2006 chama cha raia wa mtaa mmoja wa Queens kiliipeleka Serikali ya mji mahakamani. Hoja yao ilikuwa ya haki: sheria yasema mbwa afungwe kamba, basi mkubwa wa bustani ana uwezo gani wa kuilegeza, na mtoto akiumwa nani atajibu? Wenye mbwa nao walijibu kwamba mbwa asiyepata kukimbia huharibika tabia; na kwamba katika miaka ile ambayo bustani za mji zilikuwa na wahalifu wengi, wao ndio waliofika alfajiri na usiku, na kwa kufika kwao wakawafukuza watu wabaya. Hakimu aliamua kwamba wasimamizi walikuwa na uwezo huo. Baada yake kanuni zilirekebishwa, na mwaka 2007 ile hisani ikawa sheria iliyoandikwa, yenye saa zake na masharti yake. Kwa maoni yangu waliopeleka mashtaka, ingawa walishindwa, walifanya kazi njema, kwa maana tangu hapo kila mtu ajua mpaka uko wapi.

Faida ya mpaka huo nilielezwa na dada yangu, binti wa mama yangu mdogo, ambaye ndiye aliyenikaribisha huko. Yeye ni muuguzi, na mara nyingi hufanya kazi ya usiku. Alipokuwa mtoto aliumwa na mbwa njiani akienda shule, akachomwa sindano nyingi, na hata leo akisikia mbwa akibweka nyuma yake hutetemeka. Nilimwuliza awezaje kukaa jirani na bustani yenye mbwa wengi namna ile. Akanijibu, “Kaka, mimi mbwa siwachukii, ila nawaogopa. Nikitoka kazini mapema hupita barabara ya nje. Nikichelewa mpaka saa tatu ikapita, hupita mbugani katikati, maana najua wamefungwa. Wana saa yao, nami nina yangu.” Nikamwuliza kama wote huitii saa hiyo. Akacheka, akasema wako wasiotii, na askari wa bustani wakiwakamata huwatoza faini. Lakini si wengi, kwa sababu wenye mbwa wenyewe huwakemea, wakichelea kwamba ukaidi wa mmoja utawanyang'anya wote ruhusa yao.

Mahali pasipokuwa na uwanda mkubwa kama ule, miji ya Marekani hutenga kiwanja kidogo na kukizungushia ua wa waya. Kile cha Berkeley, katika jimbo la California, kilichoanzishwa mwaka 1979, husemwa kuwa ndicho cha kwanza katika nchi hiyo. Mjini New York cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1990 katika Tompkins Square Park. Mafundi wetu wangeyapenda malango yake, maana ni mawili, moja nyuma ya jingine, na katikati yake kuna nafasi ndogo. Mtu huingia la kwanza na kulifunga, ndipo hufungua la pili; hivyo mbwa hawezi kuponyoka wala la kwanza likisahauliwa wazi. Mbwa wadogo hutengewa upande wao ili wasikanyagwe na wakubwa. Kazi ya namna hiyo haihitaji gharama kubwa, huhitaji akili na utunzaji.

Lakini uhuru huo wote una msingi, na msingi wenyewe ni chanjo. Kila mbwa wa New York lazima awe amechanjwa kuzuia kichaa cha mbwa, na awe na leseni ya kila mwaka, na kibati chake kining'inie shingoni. Leseni ya mbwa aliyehasiwa ni dola 8 na senti 50. Ya asiyehasiwa ni dola 34, ili mtu aone mwenyewe lipi lina nafuu. Aingiaye na mbwa katika mbuga ile hutakiwa aweze kuonyesha ushahidi wa chanjo akiulizwa. Bila hilo, mchezo wa alfajiri ungekuwa mchezo wa mauti.

Hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi. Kichaa cha mbwa kiliandikwa kwanza katika Kenya mwaka 1912, kwa mbwa wa kandokando ya Nairobi, na mpaka leo hakijatuacha. Ulimwenguni hukadiriwa kuua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na watoto wengi wakiwamo. Na katika kila wagonjwa mia, tisini na tisa hukipata kwa mbwa. Dalili zikisha kuonekana, mtu haponi. Hata hivyo huzuilika: mbwa sabini katika kila mia wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mwaka 2014 Serikali yetu ilitoa mpango wa kukimaliza ifikapo mwaka 2030. Mpango huo hautatimizwa na maofisa peke yao ikiwa mkulima huona uzito kumpeleka mbwa wake siku ya chanjo, kwa kuwa “ni mbwa tu.”

Sisemi kwamba kesho kila kaunti itenge ekari za kuchezea mbwa, wakati watoto wetu wenyewe bado hawana viwanja vya kutosha. Bali nasema kwamba mbwa tulio nao tuwatawale. Mbwa afungwaye mnyororo mfupi kutwa nzima, hapati kukimbia wala kuzoea watu, hugeuka mkali kupita kiasi, na siku akikata mnyororo humrarua mtoto wa jirani kabla ya mwizi. Mwenye shamba aweza kumjengea ua, au kumtembeza kwa kamba asubuhi na jioni. Asiyetaka watoto wa mbwa na amhasi, wala asiwatupe sokoni wakawa mbwa koko. Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo na mbwa ni wa nyumbani. Hayo hayahitaji utajiri wa Marekani. Siku ya chanjo itangazwapo na chifu, kila mwenye mbwa na amfunge kamba, afike naye mapema.