Mguu mmoja mtumbwini, mguu mmoja nchi kavu



Sisi wa Kikula tunalijua ziwa Tshangalele kwanza kwa samaki wake tunaowala na bukari. Ziwa lenyewe si la tangu zamani. Lilitokea karibu na mwaka 1930, mto Lufira ulipofungwa kwa bwawa kule Mwadingusha ili kupata umeme wa viwanda vya shaba. Maji yakatanda juu ya bonde la tambarare. Ndiyo maana ziwa ni pana lakini halina kina kirefu, na kando zake ni matope na matete.

Kufika kule, tunashika barabara ya Lubumbashi mpaka Kapolowe, kisha tunateremka ziwani. Anayetaka samaki kwa bei nzuri anapanda mtumbwi mpaka kambi za wavuvi. Na hapo kando ya maji, kabla kasia halijaguswa, ndipo vichekesho vinapoanza.

Tumeona mama mwenye beseni kichwani akikanyaga ukingo wa mtumbwi badala ya katikati. Mtumbwi wa gogo una tumbo la mviringo. Ukiukanyaga pembeni, unageuka. Beseni linaelea, mama anakaa majini mpaka kiunoni, watoto wa kijiji wanapiga makofi.

Tumeona pia yule aliyeweka mguu mmoja ndani na kuuacha mwingine nchi kavu, huku akimalizia kubishana bei ya safari. Mtumbwi ukaanza kwenda, nchi ikabaki. Njia mbili zilimshinda fisi, na siku ile zilishinda kikwembe pia.

Kurudi ni vilevile. Mtumbwi ukigusa matete, wote wanasimama pamoja kwa haraka ya kuwahi gari. Wa mbele anaruka, na kuruka kwake kunausukuma mtumbwi nyuma. Walio nyuma wanaangukiana, na matope yanabaki na kiatu cha mtu.

Tunacheka, na aliyeanguka anacheka nasi. Lakini kuna wanaoogopa kicheko kuliko maji. Mama anakataa mkono wa mvuvi kwa sababu watu watasema. Anakataa kukaa chini ili kikwembe kipya kisilowane, anasimama wima safari nzima. Kama mkwe wake yuko pale, ndiyo kabisa: afadhali ayumbe peke yake kuliko kushikwa mbele yake. Aibu hiyo ndiyo inayoangusha watu.

Na si kila kuanguka ni kwa kucheka. Tarehe 3 Oktoba 2024, kwenye ziwa Kivu, boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa tayari kufika. Watu wengi walikufa mbele ya macho ya waliokuwa wakiwangojea. Boti ile ilikuwa kubwa kuliko mitumbwi yetu na ilikuwa imejaa kupita kiasi, lakini fundisho ni letu pia: kuona nchi kavu si kufika.

Zaidi ya yote, tufikiri juu ya mtoto wa mgongoni. Mama akiangukia mgongo, hata katika maji ya kufika magotini, mtoto ndiye wa kwanza kuzama, na fundo la kikwembe kilicholowa halifunguki upesi. Basi, mtoto afunguliwe kabla ya kupanda. Ashikwe na mwenzetu aliye nchi kavu, apokelewe mama akiisha kukaa. Wakati wa kushuka, mwenye mtoto abaki amekaa mpaka mtumbwi ushikwe imara, kisha ampokeze aliye nchi kavu, ndipo naye ashuke.

Mengine ni haya: beseni liingie kabla ya mwenye beseni. Kanyaga katikati, inama, shika kingo zote mbili, kaa mara moja. Wakati wa kufika, ashuke mmoja mmoja, na wa kwanza aushike mtumbwi kwa ajili ya wenzake.

Kila kikundi kinachopanga safari ya ziwani kichague mapema wamama wawili wa kazi hiyo: mmoja wa kushika mtumbwi, mmoja wa kupokea watoto. Na mvuvi akinyosha mkono, tuushike, hata mkwe akiangalia. Kikwembe kilicholowa kitaanikwa, kitakauka.