Kichaka na Githaka

Kichaka ni kundi la miti mifupi iliyosongamana, yenye matawi yaanzayo karibu na ardhi, hata mtu aweza kujificha ndani yake. Kikiwa kikubwa huitwa chaka. Si msitu; Mau ni msitu. Wala si magugu, maana magugu ni yale tung'oayo katika mahindi. Asafiriye kutoka Gilgil kwenda Elmenteita ataona vichaka halisi vya leleshwa, yenye majani ya kijivu na harufu ya kafuri. Jina hilo tumelipata kwa Wamasai, ambao hutia majani yake kwapani yawe manukato.

Mambo hayo niliyajua, au nilidhani nayajua, siku nilipopewa tangazo la ofisi nilifasiri. Nikaandika: "Vichaka vyote vya kando ya barabara vitaondolewa." Nilijisifu moyoni kwa ufupi wake. Siku ya pili asubuhi akaja mzee mmoja wa upande wa Bahati, amevaa koti lake la kanisani, na hati ya shamba ameifunga katika kitambaa. Akaniuliza, "Mwanangu, tumekosa nini hata tuondolewe?"

Nilikawia kufahamu. Kwa Wakikuyu githaka ni kichaka, na tena ni ardhi ya mtu au ya ukoo, neno lililotajwa sana mbele ya Tume ya Ardhi iliyoundwa mwaka 1932. Masikioni maneno hayo mawili ni ndugu. Baba yake mzee huyu alikuwa kibarua katika shamba la mzungu, naye hakuacha hata pahali pa kuzikwa. Mzee mwenyewe alikuwa akikaa Molo mwaka 1992, wakati wa mapigano, akakimbia usiku na watoto. Mtu wa namna hiyo akisoma neno "vitaondolewa" hangoji kufunua kamusi.

Nikamwomba radhi, nikamvutia kiti, nikaandika upya mbele yake: "Miti midogo iliyomea kando ya barabara itafyekwa. Shamba la mtu halitaguswa." Akayasoma maneno hayo mara mbili, kidole juu ya kila neno. Kisha akafunga hati yake, akasimama, akaniuliza, "Na hizo leleshwa zikikatwa, kuni ni za nani?"

Hilo halikuwamo katika tangazo. Nikampeleka kwa mkubwa wangu.