Mwanachuo Akirudi Nyumbani, Msimfanye Mgeni

Iwapo una mwana au binti chuoni, basi unamjua huyu: anafika jioni na mfuko wa nguo chafu, chaja ya simu ikining'inia na njaa ya miezi mitatu. Mimi ni mmoja wao. Nasomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, mwaka wa tatu, na kwetu ni Umoja, hapa Nairobi. Nimeonelea nizungumze na wazazi, na pia wanafunzi wenzangu, kuhusu likizo hizi zetu, maana naona pande zote mbili tunazipoteza bure huku tukipendana.

Tatizo ni heshima. Usicheke, msomaji. Siku ya kwanza unapikiwa kuku. Siku ya pili unaambiwa, "Pumzika, mwanangu, vitabu vimekuchosha." Siku ya tatu watoto wa jirani wanafukuzwa dirishani eti mwalimu amelala. Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu, lakini mimi katika likizo yangu ya kwanza sikupewa hata sufuria ya kusugua. Nilikaa sebuleni na simu mkononi, nikitazama watu wa nyumba yangu wakipita mbio, huyu na ndoo, yule na jiko, kila mmoja na kazi yake. Kufikia wiki ya pili nilikuwa natamani Njoro na baridi yake yote. Hapo ndipo wazazi husema watoto wa chuo wana maringo, hawapendi kwao. La hasha! Mtu hupenda mahali anapohitajika.

Mama yangu ni mchuuzi wa mboga. Huamka saa tisa na nusu usiku, akaenda Marikiti kununua bidhaa, akarudi mtaani kabla jua halijachomoza. Nilipomwambia kuwa nataka kwenda naye, alinitazama kama niliyemtukana. "Sikukusomesha ndiyo uje unibebee sukumawiki," akasema. Nikaomba mara ya pili, akakataa. Goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kumsumbua wakati huo, lakini hakutaka lizungumziwe.

Kilichotuokoa ni fomu. Kundi letu, lililoingia chuoni mwaka wa 2023, ndilo lililokuwa la kwanza katika mfumo mpya wa ufadhili ambao hupima mapato ya familia ili kujua ni nani apate msaada kiasi gani na nani mkopo kiasi gani. Likizo ile nilitaka kuyapanga upya maelezo yetu. Swali likaja: mzazi anapata pesa ngapi kwa mwezi? Mama akacheka. Hakuwa anajua. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akijua tu kwamba pesa huingia na pesa hutoka, na sisi tunaenda shule.

Basi tukakaa mezani baada ya chakula, mimi, yeye na daftari la kurasa 48. Tukaandika gunia la sukuma, kreti ya nyanya, vitunguu, dania. Tukaandika mkokoteni, nauli ya kwenda na kurudi, ada ya soko, kodi ya kibanda. Kisha tukafika kwenye madeni. Mama huyaweka kichwani, na kichwa chake ni kizuri, lakini hakuwahi kuyajumlisha. Kumbe nyumba saba za ploti yetu zilikuwa zikila mboga za bure tangu Krismasi! Tulipomaliza kutoa na kujumlisha, mama alinyamaza kwa muda. Halafu akasema polepole, "Kwa hivyo mwezi wa tatu nilimfanyia kazi nani?"

Sikuwa na jibu. Lakini usiku ule ule, saa tisa na nusu, aliligusa godoro langu kwa mguu. "Vaa sweta," akasema.

Tangu siku hiyo mimi ndiye karani wa kibanda kila likizo, na nakwambia kweli, sijapata raha kama hiyo popote. Marikiti alfajiri ni mji mwingine. Malori yameshapiga foleni na kabichi na viazi vya Kinangop, nyanya za Kirinyaga na Loitokitok, huku hamali wakikupigia kelele uondoke njiani na magunia yakiwa yamewafunika hadi machoni. Mama, ambaye nyumbani ni mpole na huongea kwa sauti ya chini, huko anapigana bei kama wakili. Alinifunza kuchagua nyanya: za kuuza leo ziwe zimeiva, za keshokutwa ziwe bado na ukijani karibu na kikonyo, na kreti usiitazame juu tu, tia mkono chini. Mimi nimesoma uchumi kidogo chuoni. Hakuna mhadhara ulionieleza hasara ya kreti moja ya nyanya zilizopondeka kama mkono wangu ulivyonieleza.

Halafu kuna matatu ya kurudi. Saa kumi na moja na nusu, mizigo iko nyuma, redio iko chini, na mama, kwa kuwa amechoka na hana pa kwenda, huzungumza. Nyumbani hana wakati huo. Ni katika matatu nilipojua kwamba alikuwa katika kundi la kwanza kabisa kufanya KCSE, mwaka wa 1989. Alipita. Aliitwa chuo cha ualimu, akanunuliwa hata sanduku. Kisha karo ikawa moja na watoto wawili, akaenda mjomba. Alisema hayo akitafuta sarafu za makanga, bila uchungu, kama mtu anayekueleza ratiba ya basi. Nami miaka miwili nilikuwa nikimsimulia habari za kozi yangu ya ualimu, naye akinisikiliza akikata mboga, kimya! Siku hizi namsomea maandalio yangu ya somo. Hunisahihisha. Anasema nafafanua sana, kwamba mtoto akishaelewa nimwache.

Nyumbani kwetu mfumo wa elimu umekuwa kama ukoo. Mama alikuwa mlangoni 8-4-4 ilipoanza kutahini shule za upili, mimi niko karibu na mkia wake, kwani KCSE ya mwisho inatarajiwa mwaka wa 2027, na kitinda mimba wetu hayumo kabisa. Yeye alikuwa katika kundi la kwanza kufanya mtihani wa KJSEA mwaka wa 2025. Jioni tunagawana meza. Ananiuliza maswali ya hesabu, namuuliza mambo ya huo mtaala wake, kwa sababu watoto nitakaowafundisha ni wa aina yake wala si wa aina yangu. Sitakuficha, msomaji, mara nyingi mimi ndiye ninayefaidika zaidi, naye anajua, na hudai andazi.

Baba naye ni dereva wa malori ya masafa marefu, Mombasa hadi Malaba. Nikiwa chuoni yeye hupita njia panda ya Njoro mara mbili au tatu kwa mwezi, usiku, mimi nikiwa nimelala kilomita chache kutoka barabarani. Tukisikia chuoni kwamba kuna ajali Salgaa, nampigia kabla sijauliza ni gari gani. Mteremko ule umeua wengi, hasa kwa madereva walioachilia gia ili kuokoa mafuta. Baba huushuka kwa gia nzito, polepole, na wenye haraka humpigia honi. Nikiwa nyumbani najua yuko wapi kwa sababu mama anajua: Mariakani kwenye mizani, Mtito Andei kwa chai, Mlolongo, kisha hatua zake ngazini.

Kwa hakika tumewahi kupata likizo ndefu kuliko zote, wala haikuwa tamu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona nilikuwa kidato cha pili, na sikurudi darasani hadi Januari 2021. Karibu miezi kumi nyumbani! Lakini baba hakuwepo. Alikuwa katika foleni ya Malaba, malori kilomita baada ya kilomita, wakingoja kupimwa, na wakazi wa njiani wakiwakwepa madereva kama kwamba wao ndio walioutengeneza ugonjwa. Mama alimpikia ugali kila usiku wa kwanza wa wiki ile, kisha akaacha. Kwa hivyo siku hizi baba akiingia saa nne usiku, hata kama stima imepotea na maji ya mtungi ni ya mwisho, hakuna anayelala. Mama hupasha matumbo moto, kitinda mimba hushika tochi, baba hueleza safari yote kuanzia bandarini. Hadithi zake nyingine tumezisikia mara kumi. Tunazidai tena.

Najua si kila mwanafunzi anaweza kurudi kwao. Wapo wenzangu ambao nauli ya Desemba ni mzigo, wengine hubaki Njoro kutafuta vibarua, na wengine nyumbani hakuna amani ya kurudia. Hao siwanyoshei kidole. Nawasema wale wanaokodi chumba kwa ajili ya likizo ili tu wasiulizwe wanaenda wapi, na wazazi wanaolipa kodi hiyo wakidhani wanamlea mtu mzima. Na nawasema mama zangu wa Umoja, Kayole na kwingineko, mnaoficha magoti yanayouma kwa sababu mtoto "ana mitihani". Mtoto ameshafanya mitihani. Mpeni daftari la madeni. Mpeni fomu, mwonyesheni mishahara, muulizeni maoni, hata kama ya kwake ni ya kitoto.

Likizo ijayo mimi sitakuwa nayo. Wanafunzi wa ualimu tutakuwa katika mazoezi ya kufundisha, muhula mzima shuleni, na baada ya hapo sijui kama nitapata tena wiki sita mfululizo za kuwa binti wa watu. Daftari nimeanza kumkabidhi kitinda mimba, ambaye tayari ameweka rangi nyekundu kwa wadaiwa sugu na kutishia kuwasomea majina. Shule ya mazoezi bado sijaipata. Mama anasema nitafute hapa karibu, nilale kwangu. Baba ametazama ramani yake ya kichwani akasema la, shule bora ziko Mtito Andei, kando kabisa ya barabara, upande wa kushoto ukitoka Mombasa, mahali lori linaweza kuegeshwa na mwalimu akawa na chai tayari.