Ufagio wa Kabla ya Jua

Nilifika Juba mwaka 2008 nikiwa na ufagio. Ulikuwa wa chelewa, mpya, umeviringishwa gazeti. Mama yangu aliusukumia kwenye begi langu Likoni akisema ugenini usiazime ufagio. Ukapanda basi Nairobi, ukapita Kampala, ukavuka mpaka pale Nimule, ukafika umebadilika rangi, kwa sababu barabara ya Nimule hadi Juba, kilomita 192, ilikuwa bado haijatiwa lami. Lami ilikamilika 2012. Mama mmoja Mganda tuliyekaa naye kiti kimoja aliniuliza kama nimesikia huko niendako hakuna majani.

Nilikuwa nimepata kazi ya uhasibu kwa wajenzi, nikapanga chumba Munuki ndani ya hosh. Hosh ni ua wa familia: uzio wa mianzi, tukuli mbili za msonge, chumba kimoja cha bati (ndicho changu), jiko la nje, rakuba ya kukaa kivulini mchana, choo pembeni na mwembe katikati. Mwenye ua alikuwa bibi ambaye kila mtu alimwita haboba. Siku za kawaida tulikuwa watu 17, na siku zisizo za kawaida zilikuwa nyingi, maana watu walikuwa bado wanarudi kutoka Khartoum, Uganda na kambi ya Kakuma huko Kenya baada ya mkataba wa amani wa 2005, na kila aliyerudi alikuwa na binamu Juba mwenye mkeka.

Na bado ule ua ulikuwa msafi. Sisemi msafi wa kujitahidi. Nikifungua mlango saa kumi na mbili unusu asubuhi nilikuta ardhi imechorwa mistari myembamba ya ufagio kama nywele zilizotoka kuchanwa, unyayo hakuna, jani la mwembe hakuna. Mara ya kwanza niliona haya kukanyaga. Baadaye nilizoea, nikawa nakanyaga.

Maji hayakuwa ya bomba. Yaliletwa na lori la tangi lililokwenda kuyavuta mtoni, katika Nile Nyeupe ambayo wenyeji huiita Bahr el Jebel, likatupimia pipa kwa pipa. Msimu wa mvua yalifika na rangi ya chai ya maziwa. Haboba, aliyeishi Khartoum miaka ya vita, alikuwa na dawa yake: mbegu za mlonge. Alizimenya, akazitwanga, akazikoroga ndani ya kikombe cha maji, akamimina kwenye ndoo na kuanza kukoroga, haraka kwanza, kisha polepole kama anayebembeleza mtoto. Baada ya saa moja au mbili tope lilikuwa limelala chini, juu maji yanaangaza. Sudan mlonge huitwa shajarat al-rauwaq, mti wa kutakasa maji. Kuna mtafiti, Samia Al Azharia Jahn, aliyetumia miaka mingi kuchunguza ujuzi huo wa wanawake wa kando ya Nile, na sayansi ikaja kueleza kwamba protini ya mbegu huvuta chembe za uchafu zikashikana, zikawa nzito, zikazama. Haboba hakuhitaji kuelezwa. Alijua pia kwamba maji meupe si lazima yawe salama, kwa hiyo ya kunywa aliyachemsha.

Tone halikumwagwa bure. Maji ya kusuuzia nguo yalifulia matambara, ya matambara yakaenda kuoshea choo. Maji ya kuogea yalikwenda mwembeni. Sufuria zilisuguliwa kwa majivu na mchanga, zikaanikwa juu ya kichanja jua lizimalizie. Kando ya choo palining'inia birika la plastiki, na kipande cha sabuni ndani ya kijisoksi cha wavu, ili mtoto asikiangushe wala asikibebe. Jumamosi vitanda vyote vya kamba vilitolewa nje, maji ya moto yakamiminwa kwenye maungio ya mbao, kunguni wakafa wakijua ni Jumamosi. Mvua zikianza Aprili, jembe bovu lilichomekwa mlangoni makali yakiwa juu, na ole wake aliyeingia bila kukwangua tope la viatu.

Ufagio wangu wa chelewa ulidumu siku moja. Niliuleta uani kwa majivuno ya mtu wa pwani, nikafagia hatua kumi hivi, vumbi likapanda hadi kwenye sufuria za watu. Chelewa ni kali, huchimba udongo. Ule ua ulitaka ufagio laini wa nyasi, na kwanza udongo unyunyiziwe maji kwa vidole, kidogo, yasifike kuwa tope. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Haboba akauchukua ufagio wangu kwa heshima zote, akaupangia kazi ya choo.

Kwa miaka mingi, nikiulizwa habari za Juba, ndiyo hadithi niliyosimulia. Watu 17, maji ya lori, sakafu ya udongo, na unaweza kula chini. Nilikuwa naisimulia Mombasa, kwa watu wenye mifereji.

Sasa nina vigae. Niliondoka Desemba 2013 vita vilipozuka, nikaolewa na mtu wa Juba aliyekulia Kakuma, ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili ndicho cha kwanza na Kiarabu cha Juba ni cha kugombana. Tulirudi 2019, tukapanga nyumba Gudele. Kuna tangi juu ya mnara wa chuma, kuna sinki, kuna sabuni ya unga ya harufu tatu, kuna mopu yenye ndoo ya kujikamua. Ni nyumba chafu. Nasema hivyo nikiwa nimeipiga deki jana mara mbili. Kiangazi vumbi huingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, na kwenye kigae cheupe halijifichi kama lilivyojificha kwenye udongo mwenzake. Mvua ikija, jembe la mlangoni hakuna, kwa sababu mume wangu aliona litaharibu sura ya baraza.

Tulikuwa watu sita. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, shemeji yangu na familia yake wakakimbia Khartoum wakaja kwetu na mabegi manne, tukawa 13. Siwalaumu hata kidogo. Ile hosh ya Munuki ilinipokea mimi. Lakini Machi 2024 serikali ilipofunga shule kwa ajili ya joto, watoto wote wakashinda ndani mchana kutwa, na hapo ndipo nilipohesabu vikombe 22 kwenye sinki kabla ya saa nne asubuhi. Vikombe 22, watu 13.

Nikaanza kurudisha ya haboba, kidogo kidogo. Kila mtu akapewa kikombe kimoja chenye alama yake ya rangi ya kucha, na vingine vyote nikavifungia kabatini. Hiyo peke yake ilipunguza kazi kuliko sabuni zangu zote tatu. Nikaweka gunia nje ya mlango na jingine ndani. Maji ya kusuuzia nguo yakarudi kupiga deki. Magodoro yakatoka juani Jumamosi, mke wa shemeji akanisifu kwamba nimekuwa Msudani. Nikaandika zamu kwenye karatasi, wanaume wakiwemo, nikaibandika mlangoni mwa jiko. Shemeji aliisoma akiwa amesimama, akasema mwandiko ni mzuri.

Ila uwanja wa nje sikuuweza. Niliamka mapema, nikanyunyiza, nikafagia, ukatoka mabaka. Ama maji yalizidi, ama yalipungua. Nikakumbuka kwamba siku zote zile za Munuki sikuwahi kufagia baada ya aibu ya chelewa, na kwamba nilimwona mfagiaji mara moja tu. Nilikuwa na homa ya malaria, nikatoka saa kumi na nusu alfajiri kutapika, nikamkuta mjukuu wa haboba, msichana wa miaka kama 13, ameinama na ufagio wa nyasi, mkono mmoja mgongoni, anarudi kinyumenyume ili asiache nyayo. Alinisogezea maji ya kunawa, akafukia nilipochafua, akachora mistari upya juu yake. Asubuhi nilitoka nikaona ua msafi, na nadhani nilifikiri, kama kawaida, jinsi watu hawa walivyo wasafi. Haboba alimwita biniya, binti, nami nikamwita hivyo. Niliishi pale miezi kadhaa kabla ya kujua kwamba ana jina. Kwamba alifika shule amechelewa karibu kila siku nililijua, kwa sababu haboba alilalamika juu yake: mtoto huyu mvivu wa kutembea.

Familia ile ilikimbilia Uganda mwaka 2016 mapigano yaliporudi Juba, wakaingia kambi ya Bidi Bidi kule Yumbe. Haboba alifia huko. Namba ya biniya niliipata mwaka jana kwa jirani wa zamani wa Munuki, nikampigia Jumapili moja asubuhi. Ana watoto watatu. Aliniita khalti, mama mdogo, vilevile kama zamani, na Kiswahili chake kimekuwa cha Kiganda kidogo. Tulilia, tukacheka habari za chelewa, kisha nikamuuliza nililompigia kuuliza: alikuwa ananyunyiza maji kiasi gani, makopo mangapi kwa ua mzima?

"Wallahi khalti, sikumbuki," akasema. "Nilikuwa nafagia nikiwa usingizini."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza kwangu siku hizi nani anafagia. Nikamwambia tunafagia wote, kwa zamu, imeandikwa.

"Na leo zamu ya nani?"

Nikageuka kuangalia karatasi. Ilikuwa ya shemeji. Nje ufagio ulikuwa unasikika, wa polepole, na chumbani kwake shemeji alikuwa anakoroma.