Ziwa Enid: Mvuvi wa baridi hana haraka

Asubuhi ya Januari, kaskazini mwa jimbo la Mississippi nchini Marekani, umande huganda kwenye majani na pumzi za watu huonekana kama moshi. Ni siku ya kubaki jikoni karibu na moto. Hata hivyo, kwenye Ziwa Enid boti ndogo huteremshwa majini, wazazi na watoto wakiwa wamejifunika makoti hadi masikioni. Wanamfuata krapi, samaki bapa mwenye madoa meusi na nyama nyeupe, ambaye wenyeji humpaka unga wa mahindi na kumkaanga.

Ziwa hili ni kazi ya mikono ya watu. Mwaka 1927 Mto Mississippi ulifurika na mamia ya maelfu ya watu wakakosa makazi. Miaka iliyofuata serikali ilijenga mabwawa kwenye mito midogo ili kuwakinga watu wa bondeni. Bwawa la Enid, kwenye Mto Yocona, lilikamilika mwaka 1952. Hadi leo maji hupunguzwa kabla ya baridi, ili ziwa liwe na nafasi ya kupokea mvua zijazo. Kingo hubaki tope na visiki, nao samaki hukusanyika penye kina, kwenye mkondo wa zamani wa mto.

Huko ndiko boti zinakoelekea. Fito ndefu kadhaa hupangwa mbele ya boti, zimetawanyika kama miguu ya buibui. Kila mshipi hushusha jigi, yaani ndoana yenye kichwa cha risasi cha gramu 2 hivi, iliyovishwa manyoya au mkia wa plastiki laini. Mota ya betri huisogeza boti kwa mwendo wa kilometa 1 hivi kwa saa.

Mwendo huo una sababu. Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Yakipoa, naye hulegea na hakimbizi chambo. Krapi hupenda kula kinachopita juu yake, hivyo jigi huwekwa juu kidogo ya kundi. Ncha ya ufito ikitikisika, huinuliwa taratibu, kwani mdomo wake ni mwembamba na huchanika upesi. Krapi mweupe mzito kuliko wote katika rekodi za dunia, wa kilo 2.35, alivuliwa hapa Enid Julai 1957.

Lakini maji haya hayana mzaha. Anayetumbukia hukatwa pumzi ghafla, na baada ya dakika chache mikono hufa ganzi, hata awe mwogeleaji hodari. Kisiki kimoja kilichojificha kinatosha kuipindua boti. Ndiyo maana mzazi makini, kabla ya kugusa ufito, humfunga kila mtoto jaketi la kujiokolea, kisha hufunga la kwake.

Jioni ndoo huweza kurudi imejaa au tupu. Watakaohesabiwa kwanza ni watu, samaki baadaye.