Abebwaye na Abebaye

Wahenga walinena kwamba abebwaye hujikaza. Methali hii tumeifundisha darasani kwa miaka mingi bila kuitia maanani sana. Hata mwezi wa Januari 2024 tulipojikuta ugenini, mtoto mmoja mbelekoni na mwingine mkononi, ndipo tulipotambua kwamba wahenga hao hawakutueleza lolote juu ya yule abebaye.

Kisa chenyewe kilianza kwa simu. Dada yetu aishiye Orlando, katika jimbo la Florida huko Marekani, alitualika tukapumzike kwake wakati wa likizo ndefu ya shule, akajitolea kutulipia nauli. Alitamani kuwaona wanetu: binti aliyekuwa akikaribia kutimiza miaka mitatu, na mdogo wake wa kiume wa miezi tisa. Akatuomba pia tutenge akiba ya siku moja ya kuwatembeza katika bustani za burudani za Walt Disney World, ambazo hazi mbali na kwake.

Bibi yao alipopata habari hizo alituuliza kwa upole, "Wanangu, mtoto wa miezi tisa atakumbuka nini? Na hao simba na twiga, si wapo hapo Entebbe?" Swali hilo lilitunyamazisha. Bustani ya wanyama ya Entebbe ipo tangu mwaka 1952, nasi twaweza kwenda na kurudi Kampala kabla ya jua kuchwa. Hatukuwa na jibu. Tulikuwa na hamu tu.

Basi tukaketi kupanga. Tuligundua upesi kwamba Walt Disney World si bustani moja bali ni nne kubwa, zilizofunguliwa mwaka 1971, 1982, 1989 na 1998. Mtu mwenye watoto wachanga akitaka kuziona zote atarudi nyumbani mgonjwa. Tukachagua moja tu, iliyo changa kuliko zote, iitwayo Disney's Animal Kingdom. Sababu zetu zilikuwa mbili. Kwanza, ndani yake mna mji wa kubuni wa Afrika ya Mashariki uitwao Harambe, wenye maandishi ya Kiswahili, na mwalimu wa Kiswahili hawezi kupita mbali na mahali kama hapo. Pili, gari linalowapeleka watu kutazama wanyama halina sharti la kimo, hata mtoto wa mbelekoni hupanda. Michezo mingine ina masharti: gari la reli lipandalo mlima wa kubuni wa Everest, mathalan, halimchukui mtu aliye chini ya sentimita 112. Lakini wamewafikiria wazazi. Mmoja hupanda ilhali mwenzake amebaki na mtoto, kisha hubadilishana zamu bila kupanga mstari upya.

Mpango wetu uliosalia uliandikwa na watoto wenyewe, ingawa hawajui kusoma. Florida iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa Januari, yaani saa nane ya usiku ya kule ni saa nne ya asubuhi ya Kampala, saa ambayo mwanetu mdogo hutaka uji. Kwa hiyo tuliacha siku nne nzima zipite kabla ya kwenda popote. Tuliazimia kuingia mlangoni asubuhi na mapema na kutoka kabla ya alasiri, kwa maana mtoto aliyekosa usingizi wa mchana huwaadhibu wote waliomo njiani. Tulipata habari pia kwamba bustanini mna nyumba maalumu ya watoto wachanga, penye mahali pa kunyonyeshea, kubadilishia nepi na kupashia chakula moto.

Likabaki jambo moja lisiloandikika katika ratiba. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu huingia bure. Aliyetimiza mitatu hulipiwa, na bei yake hupungukiwa kidogo tu na ile ya mtu mzima. Binti yetu alitimiza miaka mitatu wiki moja kabla ya siku ile. Mtu mmoja wa kwetu, aliyekuja kutuamkia, akatushauri, "Ndugu zangu, semeni ana miwili. Umbo lake ni dogo, nani atauliza cheti?"

Hatutaficha: usiku ule tuliipiga hesabu ile mara mbili. Fedha hizo zilikuwa sehemu nzito ya mshahara wa mwalimu. Lakini tangu siku yake ya kuzaliwa mtoto alikuwa akimwambia kila amkutaye, "Nina miaka tatu!" nasi kila mara tukimrekebisha, "Mitatu, mwanetu, miaka mitatu." Tulikuwa tumemsahihisha upatanisho wa sarufi, je, sasa tumsahihishe na ukweli? Tungemfundisha mlangoni aseme miwili, kisha jioni arudi kwenye mitatu? Tukalipa.

Siku ilipofika, mambo yalikwenda nusu kama tulivyopanga. Harambe tuliikuta imeandikwa kwa "e" moja, tuliyezoea kuziona mbili, na tukasimama kusoma kila kibao hata watu wakatupita. Simba walipoonekana, mwanetu mdogo alikuwa amelala fofofo. Lakini twiga alipotokeza karibu na gari letu, binti yetu alisimama mapajani petu akapaza sauti, "Twiga! Twiga!" Mzee mmoja Mmarekani aliyekaa mbele yetu akageuka, akalijaribu neno hilo polepole, kisha na mkewe. Mtoto akawarudia, kama tumfanyiavyo yeye, hata wakalitamka sawasawa. Kabla ya saa tisa tulikuwa nyumbani, wote wanne tumelala.

Tukimwuliza leo anakumbuka nini, hamkumbuki simba wala twiga. Anakumbuka kwamba kwa shangazi yake alilala chini ya meza. Mdogo wake hakumbuki kitu. Bibi yao, basi, alisema kweli, nasi tumemkiri hivyo. Ila wao walikuwa wamebebwa. Kukumbuka ni kazi yetu tuliowabeba.

Kwa walimu wenzetu wenye watoto wadogo, iwe safari yenu ni ya Orlando au ya Entebbe, tunawausia haya machache: chagueni mahali pamoja, ifuateni saa ya usingizi wa mtoto, na semeni umri wake ulivyo. Anawasikia.